Halloween Ilivyofika Jamhuri kwa Vipande

Katika mtaa wa Jamhuri, mavazi ya Halloween yalitangulia Halloween yenyewe. Yalitoka ndani ya belo za mitumba pale Soko la Toi, ng'ambo kidogo tu ya mtaa, baada ya biashara hiyo kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mama akiinama kuchagua sweta, mkono wake ungekutana na pajama nyeusi iliyochorwa mifupa mbele na nyuma, au fulana ya rangi ya machungwa yenye uso wa boga lililokenua meno. Kitambaa kizito, zipu nzima, bei ya kutupa. Nani angeiacha? Mtoto akaivaa Machi, akaivaa Julai, akatumwa nayo dukani kununua maziwa. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alipaswa kushtuka.

Hivyo ndivyo sikukuu hii ilivyoingia upande huu wa Nairobi: kwa vipande, na kwa mpangilio uliopinduka.

Asili yake ni Samhain, sherehe ya Waselti wa Ireland na Scotland ya kufunga mavuno na kupokea nusu ya giza ya mwaka. Kanisa nalo likaweka Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Papa Gregory wa Nne aliieneza siku hiyo katika karne ya 9. Kumbukumbu ya Marehemu Wote, tarehe 2, ilitokana na agizo la Odilo, abati wa Cluny, mwishoni mwa karne ya 10. Njaa ya viazi iliyoanza 1845 ikawasukuma Waayalandi kwa maelfu hadi Marekani, na huko turnipu waliyozoea kuichonga ikapisha boga.

Waayalandi walifika Nairobi pia. Masista wa Loreto waliingia Kenya 1921, na shule yao ya Msongari ikawa miongoni mwa shule za kwanza za wasichana magharibi mwa jiji. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha shule ya St. Mary's 1939. Watu hawa walitoka katika nchi yenyewe ya Samhain, wamelelewa na hadithi za mizimu, lakini walichotukabidhi ni misa mbili na orodha ya majina ya marehemu wa kuombewa mwezi mzima wa Novemba. Mkesha wenye vinyago waliuacha kwao. Hata parokia iliyo karibu na Jamhuri, pale Adams Arcade, ina jina la Bikira Maria wa Guadalupe kutoka Mexico, nchi ambako siku hizohizo mbili familia hupeleka maua, mikate na mishumaa makaburini. Jina lilivuka bahari bila karamu yake.

Sidhani wamisionari peke yao ndio sababu. Halloween inategemea majira. Inataka usiku unaorefuka na shamba lililokwisha kuvunwa. Nairobi jua huzama karibu na saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, na mwisho wa Oktoba ndio mvua za vuli zinapoanza, mijakaranda inachanua, na mashambani watu wanapanda. Ni vigumu kuomboleza kufa kwa mwaka wakati mahindi yanachipua. Walowezi wa Kiingereza walikuwa na moto wao wa Guy Fawkes tarehe 5 Novemba, ukumbusho wa njama ya 1605 ya kulipua bunge la London. Ulififia pamoja na ukoloni. Fataki zilizobaki kuangaza Parklands na Ngara ni za Diwali.

Mtoto wa Jamhuri alipata hofu yake ya kulipia mapema zaidi, kwenye Maonyesho ya Kilimo. Uwanja wa Jamhuri, ulioitwa Mitchell Park kwa jina la gavana Philip Mitchell, ulikuwa mlangoni petu. Chama kinachoandaa maonyesho hayo kilianza 1901, na wakulima walikuja kutazama fahali na matrekta. Sisi tulikuja kutazama kiumbe mwenye kichwa cha mtu na mwili wa nyoka. Unalipa, unaingia hemani kwenye giza, na pale juu ya meza kichwa kinakuangalia na kukujibu maswali. Ni ujanja wa kale wa wacheza mazingaombwe, meza yenye tundu na mwili bandia, lakini mambo hayo huwezi kumweleza mtoto wa miaka saba anayeng'ang'ania sketi ya dada yake. Baada ya hapo ulipelekwa kutazama pikipiki zikizunguka ukuta wa mauti, ukanunuliwa ndizi ya kukaanga, ukarudi nyumbani na usingizi ukakataa.

Hofu za usiku zilikuwa za bure. Wazee walisimulia wazimamoto: gari jekundu linalopita gizani, watu wanaokamatwa, damu inayofyonzwa. Pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi za aina hii Kenya na Uganda na kuzichapisha katika Speaking with Vampires mwaka 2000, akizisoma kama namna watu walivyouzungumzia utawala wa kikoloni. Kufikia zamu yetu siasa ilikuwa imekauka, ikabaki amri: ingia ndani, taa zimewaka. Kizazi kilichofuata kikapewa jini wa kike mwenye kwato za punda, naye hakuhitaji hata gari.

Kwenda nyumba kwa nyumba, kama watoto wafanyavyo usiku wa Halloween, nako kulikuwepo. Siku ya Idi watoto wa Kinubi wa Makina, upande wa Kibera, walipita kwa jamaa na majirani wakiwa na nguo mpya, wakipokea sarafu na visheti. Mchana kweupe, uso wazi, salamu kwanza.

Na kulikuwa na mtihani. Kuanzia 1985 hadi 2023 KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mara nyingi iliangukia mwisho wa Oktoba au Novemba. Mwaka 2019 ilimalizika tarehe 31 Oktoba yenyewe. Mchawi gani angeshindana na karatasi ya hisabati?

Sherehe yenyewe ilikuja baadaye, kutoka juu kwenda chini: kupitia runinga, jumuiya ya wanadiplomasia, na shule za mtaala wa Kimarekani, kisha maduka makubwa na vilabu vya Barabara ya Ngong. Wahubiri waliikemea kama ushetani. Mimi linalonisumbua zaidi ni boga. Majani yake hupondwa kwenye mukimo, nyama yake huchemshwa. Kulitoboa macho na kulitupa kunahitaji moyo mgumu.

Sasa watoto wanabisha milango katika majumba ya ghorofa ya Kilimani na Lavington. Ukuta na lango, ambavyo vingepaswa kuizuia desturi hii, ndivyo vilivyoiwezesha: ndani ya ua hakuna mgeni. Wazazi huandikiana kwenye WhatsApp ni nyumba zipi zina peremende, askari anaarifiwa, na msafara unaanza saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka. Nguo nyingine zimenunuliwa Toi.