Mnara wa ulinzi wa Lightning: Nani anachunga salio lako umeme ukikatika Kagongwa?

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kagongwa anaijua hasara ya umeme kukatika: mashine inasimama, wateja wanakaa juu ya magunia wakisubiri. Kwa anayepokea malipo ya Bitcoin kupitia mtandao wa Lightning kwa kompyuta yake mwenyewe, giza hilo hilo lina hasara nyingine isiyoonekana. Kompyuta ikizimika muda mrefu, aliyemlipa anaweza kujaribu kurudisha hela kinyemela.

Kinga dhidi ya wizi huo ni mnara wa ulinzi, programu inayokesha wakati kompyuta yako imelala.

Lightning, iliyopendekezwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja mwaka 2015, inaruhusu watu wawili kufungua chaneli ya malipo. Wanafungia humo kiasi cha Bitcoin, kisha wanalipana mara nyingi wapendavyo bila kila malipo kuandikwa kwenye daftari kuu. Kila wakilipana wanasaini mgawanyo mpya wa salio, na ule wa zamani unakufa. Ni kama daftari la mkopo la duka la mtaani: hesabu halali ni ya ukurasa wa mwisho.

Shida ni kwamba kurasa za zamani hazichaniki. Chukulia mnunuzi wa mchele aliyeko Mwanza amefungua chaneli ya satoshi 1,000,000 na mwenye mashine wa Kagongwa (Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000). Ameshalipa 700,000. Akiwa na tamaa, anachapisha ukurasa wa kwanza kabisa, ule unaosema zote 1,000,000 ni zake. Mtandao haumpi hela papo hapo. Unamsubirisha, na katika programu ya LND muda huo kwa kawaida ni kati ya bloku 144 na 2,016 kulingana na ukubwa wa chaneli, yaani takriban siku moja hadi wiki mbili. Mwenye mashine akigundua mapema, anatuma muamala wa adhabu na kuchukua zote, hata zile 300,000 zilizokuwa haki ya mnunuzi. Asipogundua, basi tena.

Maeneo ya Kahama na Shinyanga yanakumbukwa kwa sungusungu walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wenyewe wakikesha kuzuia wizi wa ng'ombe. Mnara unafanya kazi ya namna hiyo, ila sungusungu wanamjua kila mtu kijijini, wakati mnara haujui unamlinda nani wala ana shilingi ngapi. Kila ukurasa unapokufa, kompyuta yako inautumia mnara kifurushi kilichofungwa na lebo fupi. Ufunguo wa kifurushi unatokana na namba ya muamala wa wizi wenyewe. Mwizi asipotokea, hakifunguki kamwe.

Kuusimika kwa LND si kazi ngumu. Mnara wa aina hii ulianza na toleo la 0.7 la mwaka 2019. Kwenye faili la mipangilio la kompyuta ya mnara unaandika watchtower.active=1, unaiwasha upya, kisha amri ya lncli tower info inakupa anwani yake. Mlango wake wa kawaida ni 9911. Kwenye kompyuta ya biashara unaandika wtclient.active=1 na kuunganisha kwa lncli wtclient add ikifuatiwa na anwani hiyo. Amri ya lncli wtclient stats itakuonyesha kama vifurushi vinafika. Usiiache hii: mnara usiopokea kitu ni mapambo.

Kazi ipo kwenye intaneti. Mnara unahitaji nodi ya Bitcoin, na daftari lote limeshapita GB 600. Unaweza kuipunguza ibakize GB chache tu kwenye diski, lakini mara ya kwanza data zote hizo lazima zipite. Kwa bando la simu hilo halipo. Pia laini nyingi za simu hazina anwani yake peke yake ya kufikika kutoka nje, hivyo wengi hupitisha mnara kwenye mtandao wa Tor.

Ndiyo maana mahali pa kuuweka pana uzito kuliko amri zote hizo. Mnara uliopo chumba kimoja na kompyuta ya biashara, umeme mmoja, ruta moja, haulindi kitu: vyote vinazimika pamoja. Afadhali ukae kwa ndugu Dar es Salaam mwenye intaneti ya faiba, au kwenye kompyuta ya kukodi mtandaoni. Unganisha miwili ukiweza. Na uwashe kabla ya kufungua chaneli, kwa sababu kurasa zilizokufa kabla mnara haujaunganishwa hazitumwi. Ukitaka nafasi zaidi, mpangilio wa bitcoin.defaultremotedelay unaongeza muda wa kumsubirisha mwenzako. 1008 ni kama wiki nzima.

Kuna kosa baya kuliko kukosa mnara. Diski ikiharibika kwa umeme kurudi kwa kishindo, fundi anaweza kurejesha nakala ya wiki iliyopita na kompyuta ikachapisha ukurasa uliokufa. Mnara wa mwenzako hauulizi kama ni bahati mbaya. Unaadhibu, na chaneli nzima inaondoka. Kinachotakiwa kutunzwa ni maneno 24 ya siri na faili la channel.backup, siyo nakala ya folda nzima.

Anayetumia pochi ya simu ambako kampuni ndiyo inayoshika sarafu hana haja ya mnara. Huyo anaitegemea kampuni.

Kisheria, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si malipo halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Ukiibiwa kwenye chaneli hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kupiga, wala wakala wa kuzuia muamala.