Utangazaji wa biashara ya mtu mmoja

Utangazaji wa biashara ya mtu mmoja ni kazi ya kuandaa na kusambaza habari za biashara inayoendeshwa na mwenye mali peke yake, bila idara ya masoko wala mwajiriwa wa kumsaidia. Habari hizo huitwa maudhui. Zinaweza kuwa picha, maandishi, sauti au video fupi zinazoeleza bidhaa, bei yake, mahali inapopatikana na namna ya kuinunua. Kazi hii hutofautiana na tangazo la kulipia redioni au gazetini kwa kuwa hufanywa mara kwa mara na mwenye biashara mwenyewe, mara nyingi kwa kutumia simu yake.

Tatizo kuu la kazi hii ni mwendelezo. Mikono inayoshona, kupika au kuchonga ndiyo hiyohiyo inayopiga picha na kujibu wateja. Kazi zikizidi, matangazo hukoma. Matangazo yakikoma, oda hupungua baada ya muda, na mwenye biashara hurudi kutangaza kwa pupa. Oda zikirudi, hunyamaza tena. Kwa sababu hiyo, mpango unaofaa ni ule ambao mtu mmoja anaweza kuutimiza hata katika wiki yake ngumu, ingawa matangazo yake ni machache.

Nafasi katika uchumi

Biashara za namna hii huhesabiwa katika kundi la biashara ndogo kabisa. Nchini Tanzania, sera ya mwaka 2003 kuhusu viwanda vidogo na biashara ndogo iliweka katika kundi hilo biashara yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012 ya biashara ndogo iliweka humo biashara yenye watu chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Mafundi cherehani, mama ntilie, wasusi, maseremala na wauzaji wa vyakula vya kuoka wamo katika kundi hili, na wengi wao hufanya kazi peke yao.

Historia

Kutangaza kwa kurudiarudia ni desturi ya zamani kuliko simu na magazeti. Mchuuzi wa mitaani hutumia wito mmoja kila siku na hupita njia ileile kwa saa ileile. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake anapotembea. Mlio huo humjulisha mteja aliye ndani kwamba kahawa imefika, bila neno lolote kusemwa.

Kanga ni mfano mwingine. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, alitambulisha kanga zake kwa alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Miundo na misemo ya kanga ilibadilika, lakini alama ilibaki ileile, na mnunuzi aliweza kujua kanga imetoka kwa nani kabla ya kuuliza.

Kampuni kubwa nazo zilitumia njia ya kutoa maarifa ili kuuza bidhaa. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya Marekani, inayotengeneza zana za kilimo, ilianza kutoa jarida la wakulima liitwalo The Furrow. Mwaka 1900 ndugu André na Édouard Michelin wa Ufaransa, watengenezaji wa matairi, walitoa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari. Kitabu hicho kiligawiwa bure hadi mwaka 1920. Kampuni hizo zilikuwa na watu wa kuandika na kuchapa. Mwenye biashara wa peke yake anaweza kuiga kanuni yao ya kumpa mteja kitu cha manufaa, lakini hawezi kuiga kiasi cha kazi yao.

Maana ya mwendelezo

Mwendelezo una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni wakati. Mteja huzoea siku fulani, kama vile Jumatatu na Alhamisi, kuona bidhaa mpya.

Sehemu ya pili ni utambulisho. Jina la biashara, namba ya simu, rangi na namna ya kusema havibadiliki ovyo. Biashara inayobadili jina au namba mara kwa mara hulazimika kujitambulisha upya kila wakati.

Sehemu ya tatu ni ukweli. Bidhaa anayopokea mteja iwe ndiyo aliyoiona kwenye picha, na bei iwe ileile iliyotangazwa. Mwenye kukosa siku moja ya kutangaza husamehewa, lakini mteja aliyeonyeshwa kitambaa kimoja akapewa kingine harudi, na huwaambia wenzake.

Kupanga kazi

Gharama kubwa ya utangazaji wa mtu mmoja ni muda. Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayetumia nusu saa kuandaa kila tangazo. Akitangaza kila siku, atatumia saa 3 na nusu kwa wiki, yaani saa 182 kwa mwaka. Hizo ni karibu siku 23 za kazi za saa 8 ambazo cherehani imesimama. Akitangaza mara 3 kwa wiki, atatumia saa 78 kwa mwaka, yaani karibu siku 10. Tofauti ya siku 13 ni nguo ambazo zingeshonwa na kulipwa.

Njia zifuatazo hutumika kupunguza muda huo:

1. Kuandaa kwa mkupuo. Matangazo ya wiki nzima huandaliwa katika kikao kimoja, siku ambayo kazi ni chache.
2. Kupiga picha wakati wa kazi. Fundi hupiga picha kitambaa kabla ya kukata, nguo inaposhonwa na inapokamilika. Nguo moja hutoa matangazo matatu.
3. Kutumia maswali ya wateja. Swali linaloulizwa mara nyingi, kama vile "Gauni la kitenge lifuliweje lisichuje?", hujibiwa mara moja kwa maandishi mazuri na kutumika tena.
4. Kuweka akiba. Matangazo machache yasiyopitwa na wakati huhifadhiwa kwa ajili ya siku za ugonjwa, msiba au safari.
5. Kurudia. Tangazo la miezi mitatu iliyopita linaweza kutolewa tena, kwa kuwa wateja wengi hawakuliona na wapya hawakuwapo.

Kalenda

Mahitaji ya wateja hufuata majira. Nchini Tanzania na Kenya mwaka wa shule huanza Januari, hivyo mshonaji wa sare hutangaza kuanzia Novemba. Krismasi huwa na tarehe moja kila mwaka, lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani na Idi huja mapema zaidi kila mwaka na kalenda ya matangazo hupaswa kupangwa upya. Nchini Tanzania maonyesho ya Saba Saba mwezi Julai na Nane Nane mwezi Agosti ni nafasi nyingine za kujulikana.

Kwa biashara ya mtu mmoja, tangazo la kufunga oda lina uzito sawa na tangazo la kuzifungua. Fundi anayeweza kushona nguo 20 kabla ya Idi hupaswa kutangaza siku ya mwisho ya kupokea kazi mara nguo hizo zinapotimia. Asipofanya hivyo, tangazo lake lililofanikiwa litamletea wateja asioweza kuwahudumia, na watoto watakaokosa nguo siku ya sikukuu watakuwa tangazo baya kuliko ukimya.

Vyombo vinavyotumika

Mitandao ya kijamii inayotumika sana ni pamoja na WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok. WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, humwezesha mfanyabiashara kuweka saa za kazi, orodha ya bidhaa na majibu yaliyoandikwa tayari. Picha iliyowekwa kwenye hali ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, hivyo bei na anwani huwekwa pia mahali pa kudumu. Ujumbe wa orodha ya matangazo huwafikia tu waliohifadhi namba ya mtumaji, na kwa sababu hiyo wauzaji huwaomba wateja waihifadhi.

Kibao mlangoni, kadi ndani ya mfuko wa bidhaa na neno la mteja kwa jirani yake bado vina nafasi, hasa kwa wateja wasio na simu janja au bando la intaneti.

Sheria na uadilifu

Tanzania, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya, kwa sheria ya mwaka 2012 ya kumlinda mlaji, hukataza madai ya uongo kuhusu bidhaa. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kwa hiyo picha ya mteja aliyevaa nguo mpya, au namba yake ya simu, haipaswi kutumika katika tangazo bila ridhaa yake. Picha iliyochukuliwa kwa mshonaji mwingine na kuonyeshwa kama kazi ya mtu mwenyewe ni udanganyifu kwa mteja, na inaweza kuvunja hakimiliki.

Kupima matokeo

Idadi ya watazamaji haionyeshi mauzo. Kipimo rahisi ni daftari lenye safu tatu: tarehe, kilichonunuliwa, na jibu la swali "Umetufahamu kupitia wapi?" Baada ya miezi mitatu, daftari huonyesha ni tangazo gani lilileta mnunuzi na lipi lilileta sifa tu. Lile lisiloleta mnunuzi huachwa, na muda wake hurudishwa kwenye kazi yenyewe.

Mipaka

Maudhui hayaponyi bidhaa mbovu wala huduma inayochelewa. Aidha, ukurasa wa mtandaoni ni mali ya kampuni inayouendesha, na unaweza kufungwa au kuibwa na wadukuzi. Kwa hiyo ni desturi nzuri kuweka majina na namba za wateja waliokubali katika daftari lililotunzwa pembeni, ili biashara isianze upya siku simu inapopotea.

Tazama pia

Biashara
Kanga
Mitandao ya kijamii
Ujasiriamali