Kurejea kwa uvimbe wa ubongo mbali na ulipokatwa

Ni hali ya uvimbe wa ubongo kuota upya mbali na jeraha la upasuaji: upande wa pili wa ubongo, au hata kwenye uti wa mgongo. Mtaani Dar es Salaam, iwe Mbagala au Bunju, utasikia kwamba uvimbe "umechokozwa na kisu". Sivyo. Kwa kawaida seli zake huwa zimeshatawanyika kabla fuvu halijafunguliwa.

Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alilionyesha hilo bila kukusudia. Mwaka 1928 alieleza jinsi alivyoondoa nusu nzima ya kulia ya ubongo kwa wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepooza upande wa kushoto. Hata hivyo uvimbe ulikuja kuibuka katika nusu iliyobaki. Seli za glioblastoma, aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo, hutambaa kwenye nyuzi za ubongo na kandokando ya mishipa ya damu, zikiwa chache mno kuonekana kwenye MRI. Pamoja na hayo, glioblastoma nyingi hurejea ndani ya sentimita 2 hivi za mahali pa awali. Kurejea mbali ni kwa wachache.

Medulloblastoma, uvimbe wa ubongo wa watoto, ina tabia nyingine. Husafiri kwa majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana mionzi hupigwa kote huko. Saratani ya titi au mapafu iliyofika kichwani nayo ikitoa doa jipya, pengine ni mbegu nyingine iliyoletwa na damu.

Mkazi wa Temeke au Kinondoni hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) kwa upasuaji, kisha Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi. Utaratibu wa kawaida wa glioblastoma ni mionzi mara 30 ndani ya wiki 6, pamoja na vidonge vya temozolomidi. Kwa anayetoka Chamazi, hizo ni safari 30 za kwenda na kurudi mjini, na mwenye degedege hawezi kupanda daladala peke yake. Nauli ya msindikizaji nayo ni sehemu ya gharama za matibabu, ingawa haiandikwi kwenye risiti.

Miezi michache baada ya mionzi, picha inaweza kuonyesha uvimbe umekua kumbe ni athari ya mionzi yenyewe. Kwa hiyo tunzeni picha zote za zamani. Mgonjwa akianza upya kuumwa kichwa alfajiri na kutapika, kupata degedege, kufa ganzi au kuumwa mgongo, arudishwe hospitali na picha hizo, asisubiri tarehe ya kliniki.