Karakana ni ya mtoto wa nani?

Uzi huu ni mrefu kidogo wadau, shikeni chai.

Kampeni zikianza huku Baba Dogo, lazima mtu apande juu ya gari aseme vijana wafunzwe kazi za mikono, ati digrii haziliwi. Watu wanapiga makofi. Halafu mama mmoja pembeni anauliza polepole: "Na wako anasomea wapi?" Hilo swali lina miaka mia moja sasa.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilitoka Marekani ikazunguka Afrika Mashariki. Ilipendekeza elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, ufundi na maisha ya kijijini, mfano ukitolewa kwa shule za Weusi za kusini mwa Marekani kama Tuskegee. Miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ikafungua chuo cha ufundi Kabete, kile ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Useremala na uashi wenyewe haukuwa na shida. Shida ni kwamba shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, na randa ikasukumiwa Mwafrika huku mtoto wa mzungu akiandaliwa kuwa bosi. Wazee waliliona hilo mapema. Shule huru za Wakikuyu, zilizoshamiri baada ya kukosana na wamishonari mwaka 1929, zilidai Kiingereza na masomo ya vitabu.

Uhuru ukaja, na aliyekuwa na cheti cha masomo ndiye aliyepata kiti cha ofisi. Kwa hivyo mzazi anayekataa ufundi si mjinga. Alipiga hesabu, na hesabu ikakubali. Baadaye ofisi zikajaa, zikaja polytechnic za vijiji, lakini za nani? Za waliokosa nafasi sekondari. Ufundi ukageuka kuwa adhabu ya kufeli.

Sasa 8-4-4, mwaka 1985. Hapa watu hubishana sana na wengi huruka jambo kuu. Wazo lilikuwa zuri: mtoto mmoja asome hesabu na pia ajue kushika msumeno. Lakini karakana ziliachiwa wazazi wajenge kwa harambee, na mwaka 1988 ugawanaji gharama ukawa sera rasmi. Shule yenye wazazi wenye pesa ikapata mashine. Shule ya mtaa wa mabanda ikapata kitabu chenye picha ya mashine. (Waulize waliosoma enzi hizo nani alichonga ule mwiko wa mtihani. Wengi watakwambia ni fundi wa mtaani.) Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya ufundi yalipunguzwa, tukaambiwa mtaala ulikuwa mzito. Mzigo ulikuwa ni bili.

Na si kwamba haiwezekani. Starehe, hapo tu kabla ya kuingia Eastlands, ilianza 1959 na vibanda viwili vya mabati, ikiokoa wavulana walioachwa bila makao wakati wa Hali ya Hatari. Ikakua ikawa na sekondari na mafunzo ya ufundi katika kiwanja kimoja. Hakuna anayeiita shule ya waliofeli. Ila ilipata wafadhili, na wafadhili hawapatikani kila mtaa.

Mwaka huu wa 2026 kundi la kwanza la CBC limeingia Gredi ya 10 na kila mwanafunzi amechagua mkondo. Baba Dogo ina viwanda barabara nzima, na Kariobangi Light Industries ni mwendo wa miguu. Mtoto anasikia mashine za kuchonga chuma zikilia nje ya darasa ambalo ndani halina hata moja.

Kwa hivyo huyo wa juu ya gari akirudi, msibishane naye kama ufundi ni muhimu. Muulizeni bajeti ya karakana iko ukurasa gani, mwalimu wa ufundi ataajiriwa na nani, na anayetoka mkondo huo ataruhusiwa kuingia chuo kikuu kwa masharti gani. Kisha lile la mama pale pembeni.