Faili la Mosoriot

Shangazi yangu bado ana daftari lake la kliniki. Ni lile la bei rahisi, linauzwa kwenye kibanda nje ya lango, na kwa miaka ndilo lilikuwa faili lake lote. Siku moja lilibaki kwenye matatu. Daktari akaanza upya: ulianza dawa lini? Ulipewa gani? Hakukumbuka.

Nilimkumbuka juzi nikibishana na rafiki hapa mjini Eldoret. Anataka kuweka seva yake mwenyewe na swali lake ni moja tu: ninunue mashine ya nguvu gani? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinilemea, lakini kompyuta hazijanitoka kichwani. Nikamwambia, jibu liko hapo tu, barabara ya Kapsabet.

Februari 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Programu ilikuwa Microsoft Access, ile ile ya maofisini. Kwa ajili ya stima, waliweka umeme wa akiba. Mhudumu alijaza fomu ya karatasi, kisha karani akaiingiza kwa mashine. Miezi 6 ya kwanza ziliingia ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Kwa kituo cha mashambani, si mchezo.

Mwishoni mwa mwaka huo AMPATH ikafungua kliniki za HIV, Eldoret na Mosoriot. Wagonjwa wakawa wengi, na hapo ndipo Access ikaanza kubana. Faili lake haliwezi kupita gigabaiti 2. Tena kila kompyuta hufungua faili lenyewe, kwa hivyo makarani wakizidi, au mtandao ukikatika katikati ya kazi, faili linaweza kuharibika. Ungenunua mashine kubwa kuliko zote Kenya, bado gigabaiti ni 2.

Mwaka 2004 madaktari wawili wanaojua kuandika programu, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja Eldoret kuona mambo. Walichagua kubadilisha mpangilio wenyewe. Ndipo ikazaliwa OpenMRS: data inakaa kwenye MySQL, seva peke yake ndiyo inaigusa, na karani anaweza kutumia brausa. Ilianza kazi Eldoret mwaka 2006. Leo inatumika nchi nyingi, na msimbo wake ni wa bure. Faida yake kwa fundi ni hii: sasa ukiongeza memori au diski, unaongeza kitu kweli. Mashine za makarani zinaweza kubaki zile za zamani.

Na kwa nini isikae ng'ambo? Kumbuka nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na yenye kuchelewa. M-Pesa, iliyoanza 2007, mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi 2015, lakini ile ni kampuni kubwa yenye laini zake. Kliniki haina hiyo.

Kwa hivyo nilimwambia rafiki yangu: kwanza tafuta kinachokubana. Kama ni stima, nunua betri. Kama ni programu, usiguse pesa bado. Halafu diski ya pili ya kuweka nakala. Kasi ya prosesa ije mwisho. Alininunia, kwa sababu alikuwa ameshaiona moja ya kung'aa pale mjini.

Siku hizi shangazi akifika kliniki wanaandika namba yake na kila kitu kinatokea. Bado hubeba daftari. Nilimuuliza sababu.

"Mwanangu," akasema, "na stima ikipotea?"