Dawa ni bure, lakini kufika kwake je?

Unajua ARV zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004? Ila hukupewa tu: kwa kawaida CD4 zilipaswa kushuka chini ya 200 kwanza, mwili ukiwa umeshachoka. Tangu 2016, ukikutwa na VVU unaanza dawa. Mwaka 2019 ikaja TLD, kidonge kimoja kwa siku.

Sasa fikiria muuza nyanya wa Soko la Majengo, Dodoma. Kwake siku ya kliniki ni siku bila mauzo, ndiyo maana kupewa dozi ya miezi mitatu kwa mkupuo kunamsaidia. Lakini akiogopa majirani ataficha vidonge, ataruka dozi, na virusi vitapata nafasi ya kuwa sugu. Hapo tiba inakutegemea na wewe: mwache ameze bila kujificha.