Vyombo vya Nyumba na Mirathi katika Mji wa Lamu

Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18 na ya 19, chumba cha ndani kilikuwa na zidaka zilizopangwa safu safu ukutani. Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya Kichina, mirashi na vyetezo. Wageni wa heshima walikalishwa juu ya viti vya enzi, vya mpingo uliotiwa njumu za pembe.

Mume na mke wakizeeka, vyombo hivyo huonekana kuwa mali moja. Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa Lamu huifuata kwa madhehebu ya Shafii, haisemi hivyo. Mke ana mali yake na mume ana yake, wala ndoa haizichanganyi. Bakuli alilopewa bibi na mamaye siku ya arusi halimo katika urithi wa mumewe, hata likikaa miaka 50 pamoja na vyombo vya mume katika kidaka kimoja. Pengine hata nyumba ni ya mke, kwani waungwana walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba aolewapo.

Afapo mume, hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Kinachobaki hugawanywa. Ikiwa warithi ni mjane, mwana mume mmoja na binti wawili, mafungu huwa 32: mjane 4, mwana 14, kila binti 7. Lakini kiti hakikatwi mafungu 32. Yabidi mrithi mmoja akichukue kwa thamani yake, au kiuzwe na fedha igawanywe. Katika karne ya 20, wanunuzi wa vitu vya kale walipofika Lamu, vingi viliuzwa vikaenda ng'ambo. Kila mrithi alipata haki yake, na habari za vyombo zikapotea. Makumbusho ya Lamu yamehifadhi baadhi yake, lakini hayawezi kumwuliza mwenyewe aliyekwisha kufa.

Sheria hiyo hiyo ina njia nyingine, nayo ni hiba. Mtu humpa amtakaye kitu chake angali hai, na hiba hutimia kwa kukabidhi. Ikitolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Kwa hiyo yataka itolewe mapema. Hapo ndipo penye uzito. Bibi akimkabidhi mjukuu mrashi wake, kidaka hubaki kitupu mbele ya macho yake mwenyewe. Wazee huona kwamba kugawa ni kujitabiria kifo, na watoto huona haya kuuliza, wasije wakadhaniwa wanangojea mirathi. Basi wote hunyamaza, na kadhi huletewa vyombo visivyo na msemaji.

Asiyeweza kutoa bado aweza kutaja: hiki ni cha bibi, hiki ni cha bwana, hiki kilitoka kwa fulani, mwaka fulani. Maneno hayo hayana fungu katika mirathi. Kila mrithi huyapata yote kamili.